Patrice Lumumba na Wale Wanaoachia Masomo Njiani



Tangu mwaka huu wa masomo ulipofunguliwa, kuna neno moja linalozunguka katika kalasi zetu, zaidi sana kalasi ya tatu na ya nne. Mwanafunzi akirudishwa nyumbani mara mbili mara tatu juu ya minervali, ao akipata asilimia ya aibu mwisho wa periode, anaanza kusema kwamba Lumumba naye hakuwa na diplome ya sekondari, na hata vile alifika kuwa Waziri wa Kwanza wa Kongo. Wenzake wanacheka na kumupa haki. Kisha siku moja nafasi yake kwenye benchi iko wazi. Ukiuliza, unaambiwa kwamba ameshika njia ya Rubaya, yuko kwenye mashimo ya koltani.

Sisi wa mwaka wa sita tumeona kwamba neno kama hilo halijibiwi kwa kelele. Tumeona vizuri tuandike maisha ya huyo muzee, mazuri yake na mabaya yake, ili kila mutu asome mwenyewe na aone kama mfano huo unamusaidia ao unamushitaki.

Patrice Lumumba alizaliwa tarehe 2 mwezi wa 7 mwaka 1925 katika kijiji cha Onalua, teritware ya Katako-Kombe, inchi ya Sankuru. Baba yake aliitwa François Tolenga, mama yake Julienne Wamato Lomendja. Walikuwa Batetela, watu wa kulima, Wakatoliki. Jina alilopewa kwanza lilikuwa Elias Okit'Asombo. Hilo tunalolijua sisi lilikuja nyuma.

Siku zile masomo hayakuwa kazi ya Serikali, yalikuwa kazi ya misioni. Kwa watu wa Sankuru kulikuwa na misioni ya Wakatoliki huko Tshumbe, na kulikuwa na Wametodisti Waamerika huko Wembo Nyama, ambao walifungua kazi yao mwaka 1914. Mbele ya hapo, Askofu Lambuth na mwalimu Mwamerika mweusi, John Wesley Gilbert, walikuwa wametembea kwa miguu kutoka Luebo mpaka kwa chifu Wembo Nyama, kuangalia kama watakubaliwa. Tunalieleza hili juu wengi kati yetu wanafikiri kwamba masomo ya Waprotestanti yalikuja na Wabelgiji. Hapana. Tena Wabelgiji hawakuyapenda sana. Tangu miaka ya 1920 Serikali ya kikoloni ilisaidia kwa franga masomo ya Wakatoliki, lakini misioni za Waprotestanti wageni zilingoja mpaka mwaka 1948 kupata msaada huo. Kwa hiyo mtoto wa Wembo Nyama alisoma kwa sadaka ya watu waliokuwa mbali, ng'ambo ya bahari.

Lumumba alipita pande zote mbili, kwa mapadri na kwa Wametodisti. Wenzetu Wakatoliki wanasema ni mtoto wao, sisi tunasema ni mtoto wetu, na kuna mabishano mazuri sana ya namna hiyo siku ya mupira. Kweli yenyewe ni kwamba alitoka bila kumaliza, upande huu na upande ule.

Lakini tuangalie vizuri ni kitu gani alishindwa kumaliza. Katika Kongo ya Wabelgiji, mtoto mweusi alisoma primeri. Akiwa na akili sana, aliongezewa miaka michache ili awe mwalimu wa watoto wadogo, ao msaidizi wa munganga, ao karani wa biro. Ngazi ilikoma pale. Sekondari ya kweli, ile ya kupeleka mutu universite, haikuwa kwa ajili yake, isipokuwa akiingia seminari ili awe padri. Serikali ilianza kufungua sekondari za namna hiyo kwa Wakongo mwaka 1948 tu, na siku hiyo Lumumba alikuwa na miaka 23, anafanya kazi. Basi yule wa kalasi ya nne anayesema anafuata njia ya Lumumba, ajue kwanza jambo hili: Lumumba hakuwa na kalasi ya nne ya kuachia. Kama ingekuwa pale tusingekuwa na mabishano haya.

Mwaka 1943 alitoka kwao, akiwa na miaka 18, ndiyo umri wetu sisi wa mwaka wa sita. Alienda wapi? Na hapa wapenda mashimo watafurahi: alienda kwenye inchi ya madini. Alifika Maniema, upande wa Kindu na Kalima, kwenye kampuni ya bati iliyoitwa Symétain. Maniema siku zile ilikuwa pamoja na Kivu yetu katika provensi moja, na ilitengwa nasi mwaka 1988 tu. Ilikuwa wakati wa Vita ya Pili ya Dunia. Wajapani walikuwa wameshika Malaya, kule bati mingi ya dunia ilikotoka, na Waingereza na Waamerika wakaitafuta pahali pengine. Kongo ikakamuliwa. Mwaka 1942 Serikali ilipandisha kazi ya lazima katika vijiji mpaka siku 120 kwa mwaka mumoja. Watu walilimishwa, walitumwa kuvuna mpira porini, walipelekwa kwenye madini.

Lumumba aliingia pale, lakini hakupewa pele. Alipewa kalamu. Aliwekwa kwenye biro kuwa karani, juu alijua kusoma, kuandika na kuhesabu. Yale masomo madogo aliyopata kwa misioni, yasiyomalizika, ndiyo yalimutenga na shimo. Tunawaomba wenzetu wafikiri kidogo juu ya jambo hili. Hata leo Rubaya, kati ya yule anayeshuka chini na yule anayekaa karibu na mizani na kaye yake, ni nani anayejua kweli kilo zimefika ngapi? Umoja wa Mataifa unasema kwamba karibu 15% ya koltani ya dunia nzima inatoka kwenye ile milima. Ni mali ya kutisha. Lakini kijana anayebeba mfuko mgongoni hajui ile mali inaitwa bei gani mbali na pale, na kilima kikiporomoka, hakichagui. Kimekwisha kufukia watu zaidi ya mara moja, na kati yao kulikuwa vijana.

Tena Lumumba hakukaa kwenye madini. Mwaka 1944 alishuka Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, akapata kazi ya ukarani katika Serikali. Na mwaka 1947, akiwa na miaka 22, mutu mzima mwenye mshahara, alirudi kukaa kwenye benchi. Alienda Léopoldville katika shule ya posta, akafuata masomo mpaka mwaka 1948, akashinda vizuri, akarudi upande wa Stanleyville kuwa karani wa posta.

Tunakaa kidogo kwenye mwaka huo wa 1947, juu hapa kwetu aibu ya umri inaua masomo kushinda hata minervali. Munajua yaliyotupata. Vita ilipofika Karuba mwanzo wa mwaka 2023, watu walikimbilia Sake na Goma, wengine walikaa ndani ya shitingi miezi na miezi. Mtoto aliyekuwa kalasi ya pili amerudi nyuma ya miaka miwili, na wale aliowaacha katika primeri sasa wako sawa naye. Anakaa nyuma kabisa, ndevu zimeanza kutoka, wadogo wanamuita muzee. Siku tatu, siku ine, halafu haonekani tena. Si ukosefu wa akili. Hata minervali siyo yote, juu wengine baba zao walikwisha kulipa. Ni macho ya wenzake. Sisi wenyewe wanafunzi ndio tunamufukuza, hata Bwana Prefe hajui. Tukimuita muzee kwa kucheka, tukumbuke kwamba karani mwenye miaka 22 alisafiri na mto mpaka Léopoldville ili aitwe tena mwanafunzi.

Sasa tufike kwenye miaka ya Stanleyville, ambayo kwa mawazo yetu ndiyo moyo wa maisha yake, ijapokuwa vitabu vinapenda kukimbia mpaka mwaka 1960. Mchana alifanya kazi ya posta: barua, mandati, tembre, mihuri. Nje ya saa za kazi alisoma. Alisoma masomo yaliyotumwa kwa posta kutoka mbali, na kwa karani wa posta hilo lilikuwa jambo la kufaa. Alisaidia kazi katika biblioteke ya mji, bila mshahara, na mwenye kushika ufunguo wa kabati ya vitabu hawezi kulala na njaa ya vitabu. Alikuwa na Kifaransa cha misioni. Akakifanya kiwe kile Kifaransa ambacho Wabelgiji wenyewe baadaye walikiogopa. Alianza kuandika katika magazeti ya Wakongo wa siku zile, kama La Voix du Congolais na La Croix du Congo. Makarani wa posta walipofanya chama chao, alikuwa mbele, na wakawa na gazeti lao dogo, L'Écho postal. Tunapenda sana jambo hilo la gazeti dogo, na wanaolaza mikono yao kwenye wino wa buletini hii watatuelewa.

Alikuwa mutu wa vyama. Chama cha wafanyakazi weusi wa Serikali, chama cha wasomi wa Stanleyville, na vingine tena. Mara mwandishi, mara prezidenti. Mutu anaweza kusema ni kupenda cheo, na pengine ni kweli kidogo. Lakini katika vyama hivyo alijifunza namna ya kuendesha mkutano, kuandika rapoti, kuhesabu franga za watu, kusimama mbele ya mkubwa bila kutetemeka. Hakuna kalasi iliyomufundisha hayo.

Watu wa namna yake Wabelgiji waliwaita évolués, maana yake wale waliokwisha kuendelea. Kulikuwa karte moja ya imatrikilasio, ya kumuhesabu Mwafrika kuwa karibu sawa na Mzungu mbele ya sheria. Ili kuipata, uliulizwa maswali, na waliingia mpaka nyumbani mwako kuangalia namna unavyokaa na bibi yako na watoto. Lumumba aliomba, wakamukatalia. Akaomba tena, akapewa mwaka 1954. Ni watu wachache sana katika Kongo nzima walioipata. Kwetu sisi leo karte ile inaonekana kuwa tusi. Kwake siku ile ilikuwa mlango, na tunafikiri kwamba kule kukataliwa kulimufundisha kushinda kupewa.

Kuna mambo mawili sasa ambayo wenzetu fulani walitaka tuyaruke. Hatuyaruki.

La kwanza ni ndoa yake. Mwaka 1951 alimuoa Pauline Opango, msichana wa kwao Wembo Nyama. Pauline alizaliwa mwaka 1937. Hesabuni wenyewe: alikuwa na miaka 14. Siku zile watu waliona ni desturi, na wazee wengi wa hapa watasema hivyo hivyo. Lakini sisi tuko na dada zetu katika kalasi, na tunajua ni wangapi wanaanza kalasi ya kwanza na ni wangapi wanafika ya sita. Wanatoka kwa mahari, wanatoka kwa mimba, wanatoka juu kaka zao wanalipiwa kwanza. Pauline hakuwa mutu mdogo. Mwezi wa pili mwaka 1961 alipita katika njia za Léopoldville na kilio cha ujane, mwili wazi kadiri ya desturi, kuomba maiti ya mume wake, na dunia nzima iliona picha yake. Alilea watoto wake, akafa Kinshasa mwaka 2014. Mutu mwenye nguvu ya namna ile, angesoma mpaka mwisho, angekuwa nini? Katika jambo hili Lumumba si mfano wetu.

La pili ni franga za posta. Mwaka 1956 alialikwa pamoja na Wakongo wengine kutembelea Ubelgiji. Aliporudi alikamatwa, juu kulikosekana franga za posta, zaidi ya 100.000. Alikubali kwamba alizitwaa. Marafiki zake wa Stanleyville walichanga ili zirudishwe. Alihukumiwa miaka miwili, ikapunguzwa, akatoka mwaka 1957. Watu wengine wanaeleza kwamba mshahara wa karani mweusi haukutosha kwa maisha ya évolué ambayo Wabelgiji wenyewe waliyadai, meza, viti, viatu, masomo ya watoto. Ni kweli kwamba haukutosha. Lakini sisi ni shule ya Kikristo, na wizi tunauita wizi.

Tunachotaka muone ni alifanya nini ndani ya buroko. Aliandika kitabu kizima juu ya hali ya Kongo na namna Wazungu na Waafrika wangeweza kukaa pamoja. Akakituma kwa mchapishaji Brussels. Hakikutoka wakati ule; kilitoka mwaka 1961, mwenyewe amekwisha kufa. Ukikisoma leo utaona kwamba bado alitumaini Wabelgiji sana, pengine kupita kiasi. Mawazo yake yalibadilika nyuma. Mutu mwenye kusoma hubadilika.

Kutoka kifungoni alienda Léopoldville, na kazi aliyoipata ilikuwa ya kuuzisha bia ya Polar kwa kampuni Bracongo. Tunaandika hili katika buletini ya Waprotestanti na tunaomba wazee wa kanisa wasikasirike, ndivyo ilivyokuwa. Bia ilimupeleka kila mtaa wa mji mkubwa, na watu wakamujua.

Mambo ya politike tutayapita mbio juu munayafundishwa katika histori. Mwezi wa 10 mwaka 1958 MNC ilizaliwa, chama cha Kongo nzima wakati vingine vingi vilikuwa vya kabila. Mwezi wa 12 alikuwa Accra, kwenye mkutano wa watu wa Afrika yote, akakutana na Nkrumah. Mwisho wa mwaka 1959 alifungwa tena, safari hii kwa ajili ya fujo za Stanleyville, na mwezi wa kwanza wa 1960 walilazimishwa kumufungua ili aende Brussels kwenye Meza ya Duara, ambako siku ya uhuru ilikatwa. Katika uchaguzi wa mwezi wa 5 chama chake kilipata viti vingi kushinda vyama vingine. Tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka 1960 Kongo ikapata uhuru, Kasa-Vubu Prezidenti, Lumumba Waziri wa Kwanza. Ilibaki siku mbili ili atimize miaka 35. Mwenzetu wa Kivu, Anicet Kashamura, alikuwa waziri wake wa habari. Pierre Mulele alikuwa waziri wa masomo.

Na waziri huyo wa masomo alikuta nini? Hapa ndipo tunataka wale wa kalasi ya nne wasome polepole. Kongo ya Wabelgiji ilikuwa na watoto wengi katika primeri, kushinda makoloni mengi ya Afrika, na Wabelgiji walijisifu sana. Lakini mwaka wa masomo 1959-1960, katika inchi nzima, inchi kubwa namna hii, wanafunzi waliomaliza sekondari walikuwa 136. Si 136 wa Kivu. 136 wa Kongo yote. Wakongo wenye diplome ya universite hawakufika 30. Hakukuwa na munganga mumoja Mkongo mwenye diplome ya udaktari. Katika jeshi, Force Publique, hakuna mweusi aliyekuwa ofisa. Mwisho wao ulikuwa adjida. Katika kazi kubwa za Serikali, karibu 5.000, Wakongo walikuwa watatu.

Basi siku tano tu nyuma ya uhuru askari wakawaasi maofisa wao Wazungu. Wazungu wakakimbia, na pamoja nao wakakimbia waganga, waanjenia, mahakimu, walimu. Tarehe 11 mwezi wa 7 Katanga ikajitenga. Lumumba alikuwa na maneno, alikuwa na moyo, alikuwa na watu. Hakuwa na watu waliosoma wa kuweka katika biro. Wazungu wengine waliitumia hali hiyo kwa ubaya, na hatuwezi kuacha kusema hivyo: wao ndio waliofunga mlango wa masomo, kisha wakacheka kwamba hakuna waliosoma. Miaka iliyofuata walimu walitafutwa mpaka Haiti, na Wahaiti wengi walikuja kufundisha katika sekondari za Kongo.

Tarehe 5 mwezi wa 9 Kasa-Vubu alimutoa Lumumba kazini, Lumumba naye akasema anamutoa Kasa-Vubu. Tarehe 14 Mobutu alishika utawala, na munajua aliweka nani kuwa serikali? Wanafunzi. Aliita vijana wa universite na wale wachache wenye diplome, akawafanya makomisere. Vijana waliacha kaye kwenye meza wakaenda kutawala inchi. Wengine walirudi baadaye kumaliza masomo yao, na tunaona walifanya vizuri.

Lumumba alizungukwa nyumbani mwake, askari wa Mobutu upande mumoja, askari wa Umoja wa Mataifa upande mwingine. Mbele hajaondoka alifanya jambo moja ambalo watu hawalisemi sana: alituma watoto wake François, Patrice na Juliana mpaka Cairo, ambako Serikali ya Nasser iliwapokea, wakakua na kusoma kule. Inchi ilikuwa inaungua, yeye mwenyewe alijua kifo kiko karibu, na watoto walipelekwa pahali pa kusomea. Juliana alikuja kuwa waziri wa utamaduni katika Serikali ya Laurent Kabila.

Usiku wa tarehe 27 mwezi wa 11 alitoroka kwa motokari kuelekea Stanleyville. Alichelewa njiani, juu watu wa vijiji walitaka kumusikia naye hakujua kuwanyima. Kwenye mto Sankuru alikuwa amekwisha kuvuka. Bibi yake Pauline na mtoto wao Roland walikuwa wamebaki ng'ambo. Akarudi kwa ajili yao, askari wakamukamata. Alifungwa Thysville. Tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka 1961 alipelekwa Elisabethville pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, walipigwa ndani ya ndege, na usiku uleule wote watatu waliuawa kwa risasi mbele ya wakubwa wa Katanga na Wabelgiji. Miili yao iliharibiwa kwa asidi. Polisi mumoja Mbelgiji alibaki na jino. Juliana aliandika kwa Mfalme wa Ubelgiji kuliomba, na mwezi wa 6 mwaka 2022 lilirudishwa kwa familia, likatembezwa Onalua, Kisangani na pahali pengine, likazikwa Kinshasa tarehe 30.

Tangu 2019 primeri ni bure katika shule za Serikali na za makanisa, na tunaona namna wadogo walivyojaa. Sekondari bado inalipwa, na ndiyo maana ngazi inavunjika pale pale ilipovunjika siku za Wabelgiji. Kwa heshima yote tunaomba wakubwa wetu wa shule: mwanafunzi ambaye minervali yake imechelewa aachwe aandike masomo wakati mzazi anatafuta, hata akisimama nyuma. Siku tatu za kurudishwa nyumbani wakati wa kuvuna maharage zinakuwa wiki tatu, na wiki tatu zinakuwa Rubaya. Wazazi wengine wako tayari kuleta maharage ao viazi mahali pa franga. Jambo hilo linaweza kuzungumzwa katika komite.

Upande wetu, sisi wa mwaka wa sita tumegawana kalasi. Kila Jumatano nyuma ya saa za masomo, wawili kati yetu watakuwa katika kalasi ya nne kwa ajili ya hesabu na Kifaransa, bila malipo, na mwenye ndevu anakaribishwa sawa na asiye nazo. Tena tumepata kaye saba za wenzetu waliotoka tangu mwezi wa kwanza. Hazikuuzwa. Ziko katika kabati la maktaba, na wadogo wa kalasi ya tatu wamekubali kunakili ndani yake kila somo linalopita. Mwenye kujua pahali wenye kaye hizo walipo amuambie kila mumoja kwamba somo lake limefika ukurasa gani.